Kuchaji Gari la Umeme Nyumbani na Safarini: Mwongozo Kamili wa Kuchagua

Mtu akishaamua kununua gari la umeme, huulizia chaja kabla ya kitu kingine chochote, na muuzaji huwa na jibu tayari: chukua kubwa kuliko zote. Weka jibu hilo pembeni kwanza. Chaja ya nyumbani huchaguliwa kwa kilomita unazotembea kila siku na saa ambazo gari linalala. Chaja za njiani huchaguliwa kwa namna betri yako inavyopokea umeme, na kwa umbali wa kituo kinachofuata endapo hiki kitagoma. Hizi ni hesabu mbili tofauti. Anayezichanganya huishia kulipia mashine ya kilowati 22 ukutani ambayo gari lake haliwezi kuitumia hata nusu.

Kabla ya hatua zenyewe, tuelewane kuhusu vipimo. Kilowati ni kasi ya umeme kuingia. Kilowati-saa ni kiasi kilichoingia, nayo ndiyo yuniti moja kwenye mita yako. Chaja ya kilowati 7 ikifanya kazi saa moja, imetoa yuniti 7. Kilowati zenyewe unazipata kwa kuzidisha volti kwa ampea, kisha kugawanya kwa 1,000: soketi ya volti 230 inayotoa ampea 10 ni kilowati 2.3. Ukiwa na hesabu hiyo kichwani, maneno mengi ya dukani hayatakubabaisha.

Hatua ya kwanza: lijue gari lako linapokea nini

Betri hupokea umeme wa DC tu, yaani unaokwenda upande mmoja, na umeme wa nyumbani ni AC, unaogeuza mwelekeo kila mara. Kwa hiyo ndani ya gari kuna kifaa kinachogeuza AC kuwa DC, na hicho ndicho chaja halisi. Kile kisanduku kinachofungwa ukutani, ingawa sote tunakiita chaja, kazi yake ni kuhakikisha usalama na kuliambia gari linaruhusiwa kuvuta ampea ngapi. Ukomo wako wa nyumbani umo ndani ya gari.

Nissan Leaf za mwanzo zilikuwa na chaja ya ndani ya takriban kilowati 3.3. Magari mengi ya sasa yana kilowati 7.4 kwa fezi moja au 11 kwa fezi tatu, na machache yana 22. Gari la kilowati 11 likichomekwa kwenye nguzo iliyoandikwa 22, litachukua 11 na kuishia hapo. Kuna mtego mwingine ambao wauzaji hawautaji: zile kilowati 11 hupatikana kwa ampea 16 kwenye kila fezi kati ya fezi tatu. Ukiwa na fezi moja nyumbani, baadhi ya magari hayo huvuta ampea 16 zilezile kwenye hiyo fezi moja, yaani kilowati 3.7 tu, na mengine hupanda hadi ampea 32, yaani 7.4. Uliza swali hilo kabla hujalipa: kwa fezi moja, linavuta ampea ngapi?

Sasa angalia tundu la kuchajia. Hapa ndipo anayenunua gari lililotumika au lililoagizwa kutoka soko la nchi nyingine anapoumia, kwa sababu dunia haikukubaliana kuhusu plagi moja. Ulaya hutumia Type 2 kwa AC, na CCS2 kwa DC ya chaja za haraka za njiani, ambayo ni Type 2 ileile iliyoongezewa pini mbili nene chini yake. Japani na Amerika Kaskazini zilianza na Type 1 kwa AC, ambayo hubeba fezi moja tu. Kwa DC, Wajapani walishika CHAdeMO, na Amerika Kaskazini ikaenda na CCS1 kabla ya kampuni nyingi kuanza kuhamia plagi ya Tesla kuanzia 2023. China ina GB/T, yenye matundu mawili tofauti, moja la AC na jingine la DC. Tundu la AC la GB/T linafanana sana na Type 2 kwa umbo, lakini pini na matundu vimegeuzwa, kwa hiyo usinunue kebo kwa kutazama picha.

Adapta za AC ni rahisi na kwa kawaida hazina matatizo. Adapta za DC ni habari nyingine. Kugeuza CCS2 kwenda CHAdeMO, kwa mfano, kunahitaji kifaa chenye elektroniki ndani yake, kwa sababu mifumo hiyo miwili inawasiliana na gari kwa lugha tofauti. Adapta ya namna hiyo ni ghali, na ile ya bei ya kutupa, ilhali inapitisha mamia ya volti na ampea, ni kitu nisichokishauri kwa mtu yeyote. Maoni yangu: kama vituo vyote vya njia zako ni vya CCS2 na gari unalolitamani ni la CHAdeMO, lichukulie kuwa gari la mjini, na bei yake iendane na hilo.

Andika basi mambo matatu kwenye simu yako: ukomo wa AC, ukomo wa DC, na aina ya plagi. Kila kinachofuata kinategemea hayo.

Hatua ya pili: piga hesabu ya usiku mmoja

Gari la kawaida la umeme hutumia kati ya yuniti 15 na 20 kwa kilomita 100. Chukua 18. Mtu anayetembea kilomita 50 kwa siku anatumia yuniti 9. Wakati wa kuchaji kwa AC, sehemu ya umeme hupotea kama joto, asilimia 10 hadi 15 hivi, kwa hiyo mita itasoma yuniti 10 na kidogo.

Soketi ya kilowati 2.3 itazirudisha kwa saa nne na nusu. Hata kwa soketi ya volti 120 na ampea 12, ambayo ni kilowati 1.4 tu, ni saa saba na ushei. Gari lililoegeshwa usiku kwa muda wa saa kumi na mbili linamaliza na kubaki linasubiri wewe uamke. Mtu huyu hahitaji chaja ya ukutani. Anaweza kuitaka, na kuna sababu nzuri za kuitaka, lakini asiambiwe kwamba bila hiyo gari halitatembea.

Sasa mchukue anayetembea kilomita 200 kila siku, tuseme dereva wa abiria. Ni yuniti 36 za betri, na zaidi ya 40 za mita. Soketi ileile inataka saa kama 18, na usiku hauna saa hizo. Chaja ya kilowati 7.4 inamaliza ndani ya saa tano na nusu hivi. Kwake chaja ya ukutani ni kitendea kazi. Ya kilowati 22 isingemwongezea kitu, kwa kuwa gari liko pale usiku kucha.

Usihesabu siku mbaya kuliko zote. Kama mara moja moja unarudi usiku na betri tupu na alfajiri una safari, kituo cha haraka kilicho njiani kitakuvusha.

Hatua ya tatu: soketi, au chaja ya ukutani?

Soketi ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya pasi na birika, vitu vinavyovuta umeme kwa dakika chache. Gari huvuta bila kupumzika kwa saa nane. Soketi iliyolegea au waya mwembamba nyuma yake hupata joto pole pole, plastiki inageuka rangi, na siku moja inayeyuka. Ukichagua njia hii, soketi itengewe waya wake yenyewe kutoka kwenye sakiti breka yake, iwe mpya na ya ubora, na uanze kwa ampea 8. Baada ya nusu saa, gusa plagi kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa ya moto kiasi cha kuondoa mkono, zima na umwite fundi umeme. Ekstensheni usitumie kabisa, hasa ile iliyozungushwa kwenye gurudumu lake, kwa maana joto la waya uliokunjwa halina pa kutokea.

Angalia pia maandishi kwenye kebo iliyokuja na gari. Kebo ya soko la volti 100 au 120 haichomekwi kwenye volti 230 kwa kubadilisha plagi tu, isipokuwa lebo yake iseme inakubali volti hizo.

Chaja ya ukutani inalipa kwa sababu nyingine zaidi ya kasi. Ina kinga zake yenyewe, inapangiwa saa za kuanza kama umeme wako una bei nafuu usiku, na nyingi hujiendesha kulingana na umeme wa jua kama unao paani. Kipengele ambacho ningekilipia kwanza ni kugawa mzigo. Chukua nyumba yenye umeme wa fezi moja na ampea 60. Gari linavuta 32, hita ya maji 13, birika 10, pasi 10: tayari ni 65, umevuka ukomo wa nyumba na swichi kuu inaweza kukata. Chaja yenye kipimo kwenye waya mkuu huona hilo, hupunguza ampea za gari kwa dakika hizo chache, kisha huzirudisha. Bila kipengele hicho, utalazimika kuipunguza moja kwa moja hadi ampea 16 au 20, na kwa watu wengi hiyo nayo inatosha kabisa.

Kati ya iliyo na kebo yake na ile yenye tundu tu, ya kwanza ni raha kila siku. Ya pili inafaa kama nyumbani kuna magari ya plagi tofauti. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, hakikisha mashine inaendelea kuchaji yenyewe umeme unaporudi bila kusubiri ubonyeze kitu.

Hatua ya nne: mambo ambayo fundi asiyaruke

Arthi kwanza, ule waya unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini. Kebo nyingi za kuchajia hupima arthi na hukataa kufanya kazi zisipoipata. Hapo baadhi ya mafundi hutoa ujanja wa kuizunguka, kwa mfano kuunganisha arthi na nyutro ndani ya soketi. Fundi akikuletea wazo hilo, mlipe nauli yake umtafute mwingine. Hitilafu ikitokea, bodi ya gari lote inaweza kuwa na umeme, na wewe umeshika mlango ukiwa umesimama kwenye sakafu yenye maji.

Pili ni RCD, ile swichi inayokata umeme ukivuja. RCD za kawaida za aina ya AC hazitoshi, kwa kuwa gari linaweza kuvujisha umeme wa DC unaoifanya swichi hiyo isiuone mvujo wa kweli. Inatakiwa aina A pamoja na kifaa kinachogundua mvujo wa DC wa miliampea 6, na chaja nyingi za ukutani zinacho ndani yake. Kama haina, iwekwe aina B.

Tatu, unene wa waya. Kwa ampea 32 kazi huanzia kwenye shaba ya milimita za mraba 6, na umbali ukiwa mrefu hupandishwa hadi 10. Amerika Kaskazini kanuni inaongeza sharti kwamba mzigo wa muda mrefu kama gari usizidi asilimia 80 ya breka, ndiyo maana breka ya ampea 40 huendesha chaja ya ampea 32. Ni desturi nzuri hata pale isipolazimishwa.

Anayeishi ghorofani bila sehemu yake ya kuegesha aanze kuuliza kazini. Saa nane za kilowati 3.7 ni karibu yuniti 30, ambazo kwa kilomita 50 za kila siku zinamtosha siku mbili au tatu. Chaja ya haraka mara moja au mbili kwa wiki nayo inawezekana, ila gharama yake kwa yuniti huwa juu kuliko ya nyumbani, na kama hiyo ndiyo njia pekee, fikiria tena kama gari hili linakufaa kwa sasa.

Hatua ya tano: kabla ya safari ndefu

Chaja za haraka hupeleka DC moja kwa moja kwenye betri, kwa hiyo chaja ya ndani haihusiki tena. Kinachotawala sasa ni betri yenyewe, nayo haipokei kwa kasi moja. Magari mengi hupokea kwa nguvu kuanzia asilimia 10 hadi 50 au 60, hupungua kidogo kidogo, kisha baada ya 80 kasi huporomoka. Asilimia 20 za mwisho zinaweza kuchukua muda sawa na zile 60 za kabla yake. Kwa hiyo namba kubwa iliyoandikwa kwenye tangazo, kwamba gari linapokea kilowati 150, inaweza kuwa ya dakika tano tu. Tafuta muda wa kutoka asilimia 10 hadi 80. Huo ndio unaolinganisha gari na gari.

Volti nazo zina neno. Hyundai Ioniq 5, ambayo betri yake inafanya kazi kwenye takriban volti 800, inaweza kutoka 10 hadi 80 kwa dakika 18 hivi kwenye mashine ya kilowati 350, betri ikiwa na joto zuri. Ukiipeleka kwenye mashine isiyotoa volti hizo, gari hulazimika kupandisha volti lenyewe na kasi inashuka. Kwa upande wa pili, mashine ya kawaida ya kilowati 50 hutoa ampea 125, na betri iliyo kwenye volti 370 itapata kilowati 46. Ukiona 46 kwenye kioo, mashine haina kasoro.

Tufanye safari ya mfano ya kilomita 420. Betri ni yuniti 60, na kwa mwendo wa barabara kuu gari linatumia 20 kwa kilomita 100. Umeondoka na asilimia 100 na hutaki kushuka chini ya 15. Asilimia 85 ni yuniti 51, sawa na kilomita 255. Zimebaki 165, yaani yuniti 33, au asilimia 55. Ukifika na 15, chaji hadi 70 uondoke. Kwenye mashine inayokupa wastani wa kilowati 80, ni dakika 25. Kwenye ile ya 50 inayotoa 45, ni dakika 44. Kwenye nguzo ya AC ya kilowati 22, kwa gari lenye chaja ya ndani ya 7.4, ni zaidi ya saa nne na nusu. Nguzo hiyo ni ya mahali unapolala.

Matumizi hubadilika kuliko watu wanavyodhani. Ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka kilomita 90 hadi 120 kwa saa ukinzani huo unaongezeka kwa karibu asilimia 78. Njia ikikulemea, kupunguza mwendo ndiko kunakookoa yuniti haraka zaidi kuliko kuzima kiyoyozi. Milima ina hesabu yake: kupandisha gari la tani 1.8 mita 1,000 juu kunakula karibu yuniti 5 zaidi, na sehemu yake unarudishiwa ukiteremka. Kwa sababu hiyohiyo, usijaze betri kwa asilimia 100 ukiwa juu ya mlima, kwa kuwa ukianza kuteremka, umeme ambao gari huzalisha likipunguza mwendo hauna pa kuingia.

Kujaza hadi 100 nyumbani usiku wa kuamkia safari hakuna ubaya. Kwa siku za kawaida, betri za NMC (aina yenye nikeli, manganizi na kobalti) hupendelea kukomea 80, na watengenezaji wengi wa magari ya LFP (betri za chuma na fosfeti) hushauri kufika 100 mara kwa mara ili kipimo cha asilimia kibaki sahihi. Kitabu cha gari kitasema ni ipi yako.

Hatua ya sita: chagua vituo viwili, usichague kimoja

Programu kama A Better Routeplanner hupanga vituo kulingana na gari lako, na PlugShare huonyesha madereva wengine waliripoti nini. Soma ripoti za karibuni kabla ya kutazama kilowati. Kituo chenye mashine nne za kilowati 100 ni bora kuliko chenye moja ya 350, kwa sababu moja ikifa zimebaki tatu. Uliza pia kama mashine mbili zinagawana umeme. Kama zinagawana, usiegeshe kwenye pacha wa ile inayotumika iwapo kuna nyingine wazi.

Kisha weka akiba yako kwa kilomita. Watu husema fika na asilimia 10, lakini 10 inatosha iwapo kituo cha pili kiko kilomita 20 mbele. Kikiwa kilomita 70, unahitaji asilimia 25 kwa gari la mfano wetu. Mimi hupanga hivi: nikikuta hiki kimezimwa, nitafika kile kingine bila kuomba? Jibu likiwa hapana, nachaji mapema zaidi, hata kama ni kituo cha polepole.

Sajili programu za malipo ukiwa nyumbani kwenye intaneti nzuri, na uweke fedha kidogo kabla. Angalia kama wanatoza kwa yuniti au kwa dakika. Ukitozwa kwa dakika, ondoka mara kasi inaposhuka, na popote pale kumbuka kuwa baadhi ya vituo hutoza gari lililomaliza kuchaji na bado limeegeshwa.

Beba kebo yako ya kubebeka daima, pamoja na kebo ya Type 2 kwa zile nguzo zisizo na kebo. Ukilala mahali penye soketi nzuri na mwenyeji akakubali, saa 12 kwa kilowati 2.3 zinaingiza yuniti kama 24 kwenye betri. Ni kilomita 120 ulizopata ukiwa umelala.

Ukifika kituoni

Kama gari lako linaweza kuandaa joto la betri, weka kituo kwenye ramani ya gari lenyewe, maana ndivyo mengi hujua yaanze lini kuiandaa. Betri baridi hupokea kidogo, na iliyopata moto mno hujilinda kwa kupunguza. Leaf za vizazi viwili vya kwanza, zisizo na mfumo wa kuipoza betri kwa maji, hulisikia hili kwenye safari yenye vituo viwili au vitatu vya haraka kwa siku moja: cha kwanza ni kizuri, cha pili kinachoka. Panga mapumziko marefu katikati.

Chomeka, subiri dakika mbili, tazama kioo. Kama kilowati ni chache, pita haya kwa mpangilio: je, betri imeshavuka 70? Je, kuna jirani mnayegawana naye? Je, betri ni baridi au ya moto? Kama yote si hayo, simamisha na ujaribu mashine ya pili kabla hujapiga simu ya huduma. Mawasiliano kati ya gari na mashine hukosana mara nyingi kwa sababu tu plagi haikukaa vizuri, na CCS2 yenye kebo nzito hupenda kuning'inia. Iinue kwa mkono na uishikilie hadi ujisikie imefungwa.

Plagi ikikataa kutoka, usiivute kwa nguvu. Simamisha kuchaji kwenye kioo au programu, fungua milango kwa ufunguo wa gari, kisha jaribu tena, kwa kuwa ni gari ndilo linaloifungia. Ikigoma bado, magari mengi yana kamba au kitufe cha dharura cha kuachilia plagi, mara nyingi kwenye buti au chini ya boneti karibu na tundu. Kitafute leo ukiwa nyumbani na mwanga upo. Kile kitufe chekundu cha mashine kiachie moto na ajali, maana ukikibonyeza mashine inaweza kubaki imezimwa mpaka mhudumu aje kuiwasha.